Vituo vya Kanda vya Mtihani wa Kitaifa wa Uwakili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na waratibu wa kanda, wasimamizi wa vyumba, na mara nyingine watahiniwa wenyewe, pale mtihani wa leseni ya uwakili unapoacha kufanyika kwenye mji mmoja tu na kusambazwa nchini. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina pembe nyingi. Mengine yanatoshwa na mistari miwili.

Kwa nini tusiendelee na kituo kimoja kwenye mji mkuu?

Kituo kimoja humtoza mtahiniwa wa mbali ada isiyoandikwa kwenye fomu: nauli, malazi, siku za kazi anazopoteza, na usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza akilala mang'amung'amu kwenye chumba cha kupanga. Mwenzake anayeishi karibu na ukumbi ameamkia kwake. Wote wawili watapewa swali lilelile, lakini hawakuanzia mstari mmoja.

Ufilipino iliishi hivyo kwa miongo mingi. Nchi ni ya visiwa, mtihani ulifanyika Manila, na ratiba yake ya kawaida ilikuwa Jumapili nne za mwezi mmoja. Mtu wa kisiwa cha mbali alichagua kati ya kusafiri mara nne au kuhamia mjini mwezi mzima. Mtihani uliopaswa kufanyika 2020 na 2021 ulipofanyika hatimaye Februari 2022, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliupeleka mikoani na kuupunguza hadi siku mbili. Waliofanya walizidi 11,000.

Kuna sababu ya pili, nayo huzungumzwa kidogo: kituo kimoja kikikumbwa na balaa, mtihani mzima umekumbwa. Ila tuwe wakweli, usambazaji una upande wake wa pili. Kila kituo unachoongeza kinampunguzia mtahiniwa safari na kinakuongezea wewe mlango mmoja wa siri kuvuja.

Basi tufungue vituo vingapi?

Hesabu wasimamizi wakuu kabla hujahesabu kumbi. Kumbi zipo kila mahali. Mtu wa kukabidhiwa ufunguo wa kasha, anayeweza kumwambia "hapana" mkuu wa chuo, jaji mstaafu na shemeji yake kwa sauti ileile, hayupo kila mahali. Kila kituo kinahitaji watu wawili wa aina hiyo, kwa kuwa mmoja anaweza kuamka na homa. Ukiwa na kumi, una vituo vitano, hata ramani ikuonyeshe mikoa ishirini inayoomba.

Aina ya mtihani nayo ina neno. Japani hufanyia mtihani wake wa uwakili kwenye miji saba: Sapporo, Sendai, Tokyo, Nagoya, Osaka, Hiroshima na Fukuoka. Ni mtihani wa siku nne zenye siku moja ya kupumzika katikati, na sehemu kubwa yake ni insha. Kubana vituo kunaeleweka, maana kila kituo kinapaswa kulinda karatasi usiku hadi usiku. India, kwa upande mwingine, ina mtihani wa siku moja wa maswali 100 ya kuchagua jibu, ulioanza 2011, na Baraza la Mawakili la nchi hiyo huutandaza kwenye makumi ya miji. Ukichukua idadi ya vituo vya India ukaibandika kwenye mtihani wa namna ya Japani, umejitwisha mizigo ya nchi zote mbili.

Ukumbi mzuri unatambulikaje?

Usiukubali kwa picha wala kwa barua. Nenda siku ileile ya juma na saa ileile ambayo mtihani utafanyika. Keti kiti cha nyuma kabisa, kisha cha kando ya dirisha. Sikiliza. Ukumbi ulio kimya Jumanne unaweza kuwa jirani wa uwanja wa mpira Jumapili.

Halafu nenda chooni. Sifanyi mzaha, vyoo vimeharibu mitihani mingi kuliko wadanganyifu. Piga hesabu: watahiniwa 300, vyoo vinne, kila mtu dakika tatu. Foleni hiyo inamalizika baada ya dakika 225. Mapumziko yako ni ya saa moja. Maana yake karibu robo tatu ya watu hawatafikiwa, wataomba ruhusa mtihani ukiendelea, na kila anayetoka anahitaji wa kumsindikiza. Upungufu wa vyoo hugeuka upungufu wa wasimamizi.

Meza nazo zitazamwe kwa jicho la mtahiniwa wa sheria, anayeandika huku amefungua vitabu vya sheria kama kanuni zinamruhusu. Kiti chenye kibao cha kuandikia ubavuni hakimtoshi, na kwa anayetumia mkono wa kushoto ni adhabu. Kumbi za mihadhara zenye ngazi huvutia kwa ukubwa wake, lakini aliye juu anaisoma karatasi ya aliye chini bila hata kuinamisha shingo. Ukilazimika kuzitumia, acha safu nzima wazi kati ya safu mbili na ukubali kupoteza nusu ya viti.

Ukumbi mmoja mkubwa au vyumba kumi vidogo? Mimi huchagua ukumbi mmoja. Tangazo likitolewa, limesikika mara moja kwa wote, na saa ya ukutani ni moja. Vyumba kumi vina saa kumi, na hazikubaliani kamwe.

Vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria vinaweza kuwa vituo?

Majengo yao, ndiyo. Walimu wao, hapana. Mhadhiri aliyefundisha darasa hilohilo asipewe chumba cha kusimamia wala ufunguo. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba mwanafunzi wake wa zamani akifaulu, maneno yataanza, na hutakuwa na la kuyajibu. Ondoeni pia kutani mabango ya masomo. Mara nyingi hukumbukwa mtihani ukiwa umeanza, mtu amekaa mbele ya mchoro wa ngazi za mahakama.

Mtahiniwa achague kituo au apangiwe?

Achague viwili kwa mpangilio wa kipaumbele wakati wa kujisajili, na usajili ukifungwa asibadilishe isipokuwa kwa ugonjwa au sababu yenye ushahidi. Namba za viti zipangwe na makao makuu, zichanganye watu wa vyuo tofauti, na zisitolewe mapema mno.

Nani wanafaa kusimamia?

Watumishi wa mahakama ni chaguo la kawaida kwa sababu wameshazoea viapo, lakiri (mihuri ya kufungia mifuko) na rejesta. Mawakili wanafaa pia kwa kuongoza kituo, mradi kila mmoja atie sahihi tamko kwamba hana ndugu, mwenza, mwajiriwa wala mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayefanya mtihani mwaka huo, popote nchini. Hilo la "popote" huwashangaza wengi. Wanadhani mpwa aliye kituo kingine hawahusu, ilhali karatasi ni ileile.

Mafunzo yasiwe ya kusomeana mwongozo. Wapeni visa: mtahiniwa amezimia dakika ya arobaini, kifurushi kina karatasi pungufu mbili, mtu amefika na kitambulisho chenye jina la kabla ya ndoa, simu imelia kwenye mkoba uliowekwa mbele na hakuna anayejitaja. Kila msimamizi aseme angefanya nini, na aseme kwa sauti. Mtagundua kwamba watu wenye busara sawa wana majibu tofauti kabisa. Tofauti hiyo ikiachwa mpaka siku ya mtihani, vituo vitano vitakuwa mitihani mitano.

Karatasi za mtihani zinasafirije?

Hapa ndipo pa kutumia fedha bila kuona uchungu. Kila mfuko ufungwe kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye hati ya makabidhiano inayosainiwa kila mfuko unapobadilisha mikono, pamoja na saa. Mfuko usiwe mikononi mwa mtu mmoja hata kwa dakika tano. Usiku ulale kwenye chumba imara cha benki au kituo cha polisi, kwenye kasha lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili wasiolala nyumba moja.

Asubuhi, mfuko ufunguliwe mbele ya watahiniwa. Waiteni wawili waikague lakiri, wasome namba yake kwa sauti, watie sahihi. Huchukua dakika mbili na hufuta nusu ya malalamiko ambayo yangekuja baadaye.

Kosa la wengi ni kulinda safari ya kwenda na kulegea safari ya kurudi. Mtihani ukishafanyika, maswali si siri kubwa tena. Vijitabu vya majibu ndivyo visivyo na nakala duniani kote. Kijitabu kimoja kikipotea barabarani, hakuna fidia inayoeleweka kwa mwenyewe: huwezi kumpa alama za kukisia, na kumwambia arudie ni kumwadhibu kwa uzembe wako. Kwa hiyo hesabuni vijitabu kabla mtu yeyote hajatoka chumbani, vipigwe skani kituoni siku hiyohiyo ikiwezekana, na gari la kurudi liwe na ulinzi uleule wa kwenda. Juu ya kijitabu iandikwe namba ya mtihani, jina lisionekane popote.

Vituo vyote vianze saa ile ile?

Ndiyo, kama nchi ina saa moja. Kama ina majira ya saa zaidi ya moja, kuna njia mbili, na zote zinatumika.

Brazili hufuata saa ya Brasília. Mtihani wa uwakili ukianza saa saba mchana kwa saa ya Brasília, aliye Acre, magharibi ya mbali, anaanza saa tano asubuhi kwa saa ya kwake. Chakula cha mchana kinavurugika, siri inabaki salama.

Marekani imechagua kinyume chake. Mtihani wa majimbo mengi wa maswali 200 hufanyika siku moja, lakini kila mahali asubuhi ya hapo. Julai, New York iko saa sita mbele ya Honolulu, kwa hiyo wa New York wanakuwa wamemaliza kipindi cha kwanza cha saa tatu kabla wa Honolulu hawajaketi. Kinga yake ni marufuku kali ya kufichua maswali. Kwa nchi inayoanza kusambaza vituo nashauri njia ya Brazili. Marufuku hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa hakuna wa kuuziwa.

Kituo kikichelewa kuanza?

Wape muda wao kamili, dakika kwa dakika, na watahiniwa wasitoke nje mpaka hapo. Kosa baya zaidi ni msimamizi mwenye huruma ya ratiba, anayekata dakika kumi ili gari liondoke kwa wakati. Sababu ya kuchelewa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza ziandikwe kwenye daftari la matukio palepale, si jioni kwa kukumbuka.

Kalamu au kompyuta?

Swali hili sasa halikwepeki. Korea Kusini na Ufilipino zimeingia kwenye kompyuta, na Japani ilipanga kuanza 2026. Faida ziko wazi: mwandiko haumchoshi mtahini, vijitabu havisafiri, na swali linaweza kufika kituoni likiwa limefungwa kwa nenosiri linalotolewa asubuhi yenyewe.

Lakini tazama yaliyotokea Marekani. Julai 2014, watahiniwa wa majimbo mengi walimaliza insha za siku ya kwanza wakashindwa kutuma majibu, kwa sababu mfumo ulizidiwa wote walipotuma kwa pamoja. Walikesha wakihangaika na kompyuta ilhali kesho yake walikuwa na mtihani. Februari 2025, California ilijaribu mtihani mpya wenye uchaguzi wa kufanyia nyumbani au kituoni, moja ya sababu ikiwa kupunguza gharama za kukodi kumbi kubwa. Programu ikakwama, watu wakatolewa nje ya mfumo katikati ya majibu, ikabidi hatua za kuwafidia zifuate. Julai ya mwaka huohuo jimbo lilirejea kwenye mtihani wa ana kwa ana. Bei ya kumbi ilionekana kubwa mpaka ilipolinganishwa na bei ya kutokuwa nazo.

Kwa hiyo kompyuta ziwe vituoni, jibu lihifadhiwe ndani ya mashine kila baada ya sekunde chache bila kutegemea intaneti, na kutuma kufanyike kwa zamu baada ya mtihani. Kuwe na kompyuta za akiba zilizokwisha kuwashwa, na vijitabu vya karatasi kwa idadi ya viti vyote. Wiki chache kabla, fanyeni jaribio la watu kujaza viti vyote kwa pamoja. Mashine kumi zikifanya kazi hazithibitishi lolote kuhusu mia tatu.

Umeme ukikatika?

Jenereta iwepo, iwe na mafuta, na iwashwe siku moja kabla kwa mzigo kamili, taa na feni na kompyuta zote. Iwekwe mbali. Jenereta chini ya dirisha hubadilisha tatizo la giza kuwa tatizo la kelele.

Watahiniwa wenye ulemavu, wajawazito na wanaonyonyesha wapelekwe kituo kimoja maalumu?

Hapana. Ukifanya hivyo umewarudishia safari uliyowaondolea wengine. Kila kituo kiwe na angalau chumba kimoja cha pembeni kwenye ghorofa ya chini, chenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, na choo kinachofikika bila ngazi. Maandishi makubwa, nukta nundu, mwandishi wa kumwandikia mtahiniwa na muda wa ziada viombwe wakati wa kujisajili, vijibiwe kwa maandishi, na nakala ya jibu ifike kituoni. Hapa ndipo panapovuja: makao makuu yameidhinisha dakika 45 za ziada, msimamizi wa kituo hana habari, na mtahiniwa anaanza siku kwa kubishana. Mwandishi asiwe mwanasheria. Anayenyonyesha apewe mapumziko ya kusimamisha saa, na mlezi wa mtoto awe na mahali pa kukaa, nje ya eneo la mtihani lakini pasipo jua.

Dhoruba, mafuriko au ghasia zikifunga kituo kimoja, tuahirishe mtihani wote?

Inategemea karatasi imefunguliwa au bado.

Kama bado, na kituo kilichofungwa kina sehemu kubwa ya watahiniwa, ahirisheni kwa wote. Inauma na inagharimu, lakini inabaki karatasi moja kwa nchi nzima. Kimbunga kilipopiga Ufilipino Desemba 2021, na maambukizi ya Uviko-19 yakipanda, mtihani uliopangwa Januari ulisogezwa hadi tarehe 4 na 6 Februari kwa kila mtu, wakiwamo wa mikoa ambayo hata mvua haikunyesha. Walinung'unika. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema mwenzake alipata karatasi nyepesi.

Kama karatasi imekwisha kufunguliwa kwingine, huna budi kutumia karatasi ya akiba kwa kituo hicho peke yake, siku nyingine. Karatasi hiyo haitungwi siku ya balaa. Itungwe pamoja na ile ya kwanza, na watungaji walewale, kwa jedwali lilelile la mada na uzito wa alama. Maswali ya kuchagua jibu yanaweza kusawazishwa kwa hesabu za takwimu. Insha ni kazi ngumu zaidi, na pa kushikilia ni kuwapa watahini walewale vijitabu vya makundi yote mawili, vikiwa vimechanganywa.

Njia ya tatu ni ukumbi mbadala uliokaribu, siku hiyohiyo. Inafaa tu kama ulikwisha kuukagua na una barua ya kukubaliwa kuutumia. Ukumbi unaoutafuta kwa simu saa kumi na mbili asubuhi si mbadala.

Na kabla ya yote: nani anaamua? Liandikwe jina moja na la msaidizi wake, na namba zao ziwe mfukoni mwa kila msimamizi mkuu. Kamati ya watu tisa haiwezi kukutana maji yakiwa magotini.

Tukimkamata mtu akidanganya?

Chukueni kilichokamatwa, andikeni saa, mwacheni amalizie. Hukumu si ya chumbani. Msimamizi anayempokonya mtu karatasi anatoa adhabu kabla ya kumsikiliza mtuhumiwa, na hiyo si picha nzuri kwenye mtihani wa mawakili. Pengine mtu huyo atathibitika hana hatia, na hapo utakuwa na kijitabu nusu usichoweza kusahihisha.

Mtahiniwa analalamika kwamba kituo chake kilikuwa kibaya kuliko vingine. Tumwongezee alama?

Msimwongezee. Alama za huruma hazina kipimo, na wa kituo cha pili watakuja kesho. Someni daftari la matukio: kelele ilianza saa ngapi, ilidumu muda gani, watu walipewa fidia ya muda au hawakupewa. Kama walipoteza muda na hawakufidiwa, haki yao ni nafasi ya kurudia bila ada, bila jaribio hilo kuhesabiwa. Malalamiko yapokelewe ndani ya siku chache za mtihani, na kwa hakika kabla ya matokeo kutoka. Ukumbi una tabia ya kuwa mbaya zaidi baada ya matokeo.

Nani alipie vituo?

Ada iwe moja kwa nchi nzima. Ukimtoza zaidi wa kituo cha mbali kwa sababu ni ghali kukiendesha, umemwondolea nauli kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mwingine.

Jamaa wanaruhusiwa kusubiri nje?

Nje ya geti, na mbali nalo. Manila, tarehe 26 Septemba 2010, siku ya mwisho ya mtihani, guruneti lililipuka kwenye umati uliokuja kuwapokea watahiniwa nje ya chuo kilichotumika kama kituo, na makumi ya watu wakajeruhiwa. Tangu hapo hakuna mratibu anayeweza kusema umati wa nje haumhusu. Vituo vya kanda vinasaidia kwa kuugawa umati huo. Watahiniwa watoke kwa makundi, chumba baada ya chumba, magari yasiegeshwe mbele ya geti, na polisi wa eneo wajulishwe saa ya kutoka, si ya kuingia peke yake.